Jina la Lefèvre na Chapa Yangu Arobaini na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa rula ya chuma juu ya vidole. Ilikuwa Riyadh, mtaa wa Olaya, pale ambapo leo mnaona majumba ya vioo na vijana waliofunga tai. Wakati ule palikuwa na mchanga, vigingi vya wapimaji na mabomba yaliyolazwa kama magogo. Aliyenipiga ni fundi mkuu, Mmisri, tukimwita Usta Ramadhani. Alinipa koleo ya kushikia kijiti cha kuchomelea, nami nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Rula ikashuka. Nikahamishia kulia, nikachomelea, mshono ukatoka mabonge mabonge. Alipogeuka kusema na mtu nikairudisha kushoto, nikavuta mshono mwingine chini ya ule. Aliporudi aliugonga kwa nyundo ndogo, lile gamba jeusi linalofunika chuma kilichoyeyuka likabanduka, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatia rula mfukoni.

"Mungu kamuumba hivi," aliwaambia wenzangu. "Mimi nani nimrekebishe?"

Naanza na mkono huu wa mashoto kwa sababu ndio ulionitoa jela kabla sijaingia, na kwa sababu bila huo nisingepata la kukuandikieni. Mimi kusoma niliishia darasa la nne, Unguja, kabla ya sisi kuondoka mwaka wa sitini na nne. Mama alinilea Jeddah kwa ndugu zake. Kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Jambo jingine la siku ile ya kwanza ni karani wa ofisi. Alikuwa akijaza karatasi za ikama, kibali cha kukaa nchini, akaniuliza jina. Nikamwambia Makame bin Vuai bin Pandu. Akauliza, wa ukoo gani? Nikamwambia sisi kwetu tunahesabu baba na babu, tukifika hapo basi. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu, na yeye alikuwa na haraka. Akaandika Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, akagonga muhuri. Tangu siku hiyo mimi ni Makame Zinjibari, na Jeddah nzima imejaa kina Zinjibari ambao hatujuani wala hatuna undugu. Nililiona jambo dogo. Sikujua kwamba nimeona jina la ukoo likizaliwa.

Riyadh nilikaa miaka mitatu. Usta Ramadhani alinifundisha kila nilichokijua. Kuchomelea, vijana, si kugundisha. Unayeyusha kijiti na vile vyuma viwili pamoja, vikipoa vinakuwa chuma kimoja. Ukitazama mshono uliopoa utaona vijiwimbi, kimoja nyuma ya kingine, kama magamba ya samaki aliyelala ubavu. Vijiwimbi hivyo vina mgongo na tumbo, hivyo vinakuonyesha fundi alianzia wapi na akamalizia wapi. Pale alipomalizia hubaki kishimo kidogo. Usta alikuwa akisema mshono ni mwandiko, na kwa kuwa mimi mwandiko wa kalamu sikuwa nao, neno lile lilinifurahisha sana.

Kisha kampuni ikanihamishia Bandari ya Jeddah.

Sijui niwaelezeje Jeddah ya wakati ule wa fedha za mafuta. Meli zilikuwa zimesimama baharini mpaka macho yanapokoma, zinangoja gati. Nyingine zilingoja miezi. Niliona kwa macho yangu helikopta ikinyanyua mifuko ya saruji kutoka melini ikiileta nchi kavu, kama mwewe na vifaranga, kwa sababu watu walikuwa wamechoka kungoja. Kila wiki palitokea ghala pasipokuwa na ghala. Sisi tulikuwa tunajenga matangi ya mafuta ya dizeli nyuma ya gati, tangi moja kubwa kuliko msikiti wa mtaa wetu, na kila bamba lake liliinuliwa na winchi likapangwa juu ya jingine. Nilikuwa kijana, nikisimama chini nikitazama juu, moyo ulikuwa unanisimama. Hata sasa ukinisimama nausamehe.

Pale bandarini wakubwa walikuwa watatu. Juu kabisa Mudiri, mkuu wa mradi, ambaye tulimwona kupitia kioo cha gari. Chini yake Forman Jirjis, msimamizi wa matangi, mtu wa sauti. Namtaja kwa jina na nitamtaja tena. Pembeni yao, asiyeamriwa na Jirjis, alikuwepo Mkaguzi. Mkaguzi kazi yake ni kupita nyuma ya mafundi na kupima mishono yao, kwa jicho, kwa nyundo, na kwa ile picha ya mionzi inayoona ndani ya chuma. Huyu alikuwa Mfaransa, mzee mrefu mwenye kitambaa cheupe mfukoni, jina lake Musyu Lefèvre. Alikuwa amefanya kazi Jibuti miaka mingi, kwa hiyo Kiarabu chake kilikuwa kile kile chetu cha kambini, yalla ya haya twende, mafi ya hakuna na halas ya basi, na mengine tukiyaziba kwa mikono.

Kila fundi alipewa chapa, kipande cha chuma kigumu chenye namba iliyochongwa kichwani. Ukimaliza mshono unagonga chapa yako pembeni kwa nyundo, namba inaingia kwenye bamba. Mkaguzi anaandika namba hiyo katika daftari lake kubwa lenye jalada la kijani. Yangu ilikuwa arobaini na moja. Jioni tulizirudisha chapa stoo kwa karani, na karani wa stoo alikuwa Idarusi, Mzanzibari mwenzangu, tena tumeswali safu moja. Idarusi alipenda kunitania kwa mkono wangu. Akinikabidhi chapa asubuhi alikuwa akisema, "Pokea kwa mkono wa kulia, bwana, huo mwingine una kazi yake chooni." Watu wakicheka na mimi nikicheka.

Rafiki yangu hasa alikuwa Kazungu Charo, Mgiriama wa Kaloleni, aliyefika kwa mkataba kutoka Mombasa. Hakuwa mchomeleaji. Yeye alikuwa mfunga mizigo, anayefunga minyororo ya winchi na kumwongoza dereva kwa ishara za mikono. Mkristo, mcheshi, mwembamba kama kamba zake.

Siku moja wakati wa chai tulikaa watatu kwenye kivuli cha tangi, mimi, Kazungu na Mkaguzi, na Kazungu akamuuliza jina lake lina maana gani. Waarabu majina yao yana maana, alisema, na yetu yana maana, la kwako linasikika kama mtu anapuliza chai.

Musyu Lefèvre hakucheka. Aliweka kikombe chini. Alisema maana yake ni mhunzi, huyu mfua chuma, basi. Akatuambia zamani kwao watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mtoto alibatizwa jina moja, likamtosha, kwa kuwa kijiji kilikuwa kidogo. Vijiji vikakua. Ikawa kijiji kimoja kina watu kumi wanaoitwa Jehan, na padri anayeandika ubatizo na mtu wa kodi hawajui yupi ni yupi. Wakaanza kuandika Jehan wa mtoni, Jehan mfupi, Jehan mwekundu wa nywele, Jehan mhunzi. Kisha mtoto wa Jehan mhunzi akaitwa mhunzi, na mjukuu pia, hata kama hajawahi kushika nyundo.

"Babu wa babu yangu alikuwa mshona nguo," alisema, "kiwete, hawezi kusimama mbele ya moto. Naye aliitwa Mhunzi mpaka kaburini."

Kazungu alipiga paja. "Kwetu angechekwa hadi huko kaburini. Sasa mtu anaitwa kwa kazi ya maiti?"

Mzee akasema ndivyo. Na akasema kila pande la nchi yao lina mhunzi wake. Kaskazini ni Lefèvre, kusini ni Fabre na Faure, kule magharibi wanakozungumza lugha yao nyingine ni Le Goff, na mpakani mashariki ni Schmitt. Wote wahunzi, na hawajuani. Kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mhunzi mmoja, na kila mhunzi mmoja akawa ukoo. Wengine huandika jina lile kwa herufi ya ziada isiyosomwa. Hiyo iliingizwa na makarani wa zamani, waliotaka kuonyesha kuwa wamesoma Kilatini. Nikamsimulia habari ya Zinjibari na yule karani wa Riyadh. Akanitazama kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu chake. Akasema, basi wewe ndiye Jehan wa kwanza, miaka mia tano ijayo watakutafuta wewe.

Nilikuwa nahesabu. Makame, Vuai, Pandu, halafu ukuta. Mtu huyu alikuwa na jina lililotembea tangu kabla ya Wareno kufika kwetu, likapita katika vita na njaa na tauni, likapita kwa kiwete mshona nguo, na sasa limeketi mbele yangu linakunywa chai ya maziwa.

Kazungu yeye hakushindwa. Akamwambia, "Mzee, jina lenu ninyi linatembea. Letu linazunguka. Mimi Kazungu, baba yangu Charo, babu yangu Kazungu, baba yake Charo. Mwanangu wa kwanza ni Charo, naye mwanawe atakuwa Kazungu. Sisi hatukomi."

Musyu Lefèvre alitoa daftari la kijani akaandika hilo, nyuma, mahali pasipo na namba za mafundi.

Baadaye, kila alipotoka likizo, alirudi na kipande kingine cha ukoo wake. Baba yake alianza kuutafuta, yeye akauendeleza, akikaa siku nzima katika nyumba za makanisa na ofisi za kumbukumbu akifunua vitabu vya ubatizo na vya maziko. Alituambia mfalme wao mmoja aliwaamuru mapadri wote waandike kila mtoto, na bila amri ile asingejua chochote. Nyuma ya hapo ni giza, na ndani ya giza lile amepata taa moja tu. Ni kitabu cha baraza la bwana mwenye kijiji. Ndani yake yupo Jehan mhunzi, wa mwanzo kabisa anayejulikana. Naye hajaandikwa kwa kuzaliwa wala kwa kuoa. Ameandikwa kwa kushtakiwa. Kengele ya kanisa ilikatika chuma chake ikamwangukia mpigaji ikamuua, na chuma kile alikifua Jehan. Waliletwa mashahidi. Wa kwanza alisema chuma kilikuwa kibovu. Wa pili ameanza kusema, na ukurasa unaofuata haupo. Panya, au maji, au mtu.

"Miaka yote hii," alisema yule mzee, "sijui kama mimi ni mtoto wa mwuaji au wa mtu aliyesingiziwa."

Nilimwambia ni zamani mno, nani anajali. Akanijibu kwamba yeye anajali, na akaenda kupima mishono.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu wa kulia ulipoteza vidole viwili.

Kuinua bamba la tangi unalichomelea masikio mawili juu, vipande vya chuma nene vyenye tundu, na minyororo ya winchi inashika hapo. Sikio ni la muda, bamba likishakaa linakatwa. Lakini kwa hizo dakika chache uzito wote uko juu ya mshono wa sikio. Kwa kazi hiyo tulitumia vijiti vya aina ngumu ambavyo adui yao ni unyevu, na Jeddah hewa yenyewe ni maji. Kwa hiyo vijiti vililala ndani ya tanuri dogo la umeme, likiwaka mchana kutwa. Fundi hachukui kijiti ila kutoka tanurini, cha moto. Hiyo ni sheria ambayo Usta Ramadhani angekupigia rula ya pili.

Wiki ile kulikuwa na wageni wa Mudiri. Forman Jirjis aliamuru tanuri lifunguliwe, vijiti vitolewe, na ndani yake zipashwe sinia za kabsa, wali na nyama, ili wageni wale cha moto uwanjani. Siku mbili. Nilimwambia vijiti vitashika maji. Akasema, "Wewe mpishi au welda? Yalla, kazini." Mimi nilikuwa na vijiti vyangu vichache nilivyovifunga kwenye mkebe, nikachomelea masikio manne, nikagonga chapa, nikarudisha stoo. Saa hiyo hiyo Jirjis akanipeleka lango la bandari kurekebisha reli, mbali, peke yangu. Masikio mawili yalibaki. Nani aliyachomelea sikuona. Nilijua baadaye kuwa ni mgeni asiye na cheti, aliyefika juzi yake, akapewa vijiti vilivyokwishalala nje. Huyo simlaumu, aliamriwa, wala jina lake silijui. Lakini hakuwa na chapa, na bamba lisilo na chapa Mkaguzi asingelipitisha. Jirjis akaenda stoo. Na Idarusi, ndugu yangu wa safu moja, akampa chapa arobaini na moja.

Kesho yake asubuhi, saa nne, bamba liliinuliwa. Kazungu alikuwa upande wa bahari, mimi upande wa bara, kila mmoja ameshika kamba ya kuongozea ili bamba lisizunguke kwa upepo. Tulikuwa tukitazamana kupitia chini yake. Alikuwa amenyanyua mkono kumwonyesha dereva, polepole. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja muwa. Bamba likapiga mweleka likashuka kwa pembe. Kamba iliufunga mkono wangu wa kulia ukavutwa hadi chumani. Nilipozinduka nilimwona Kazungu, na sitaandika nilichokiona. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, niliitwa ofisini na bandeji yangu. Mudiri alikuwa nyuma ya meza, Jirjis kando yake, Idarusi ameshika daftari la stoo, na mlangoni askari wawili wamesimama. Pasi yangu ilikuwa mezani, nikajua maana yake. Kwa wasiojua, mtu akifa kazini na ikasemwa ni uzembe wa mtu, huyo mtu anafungiwa kwanza, maneno baadaye. Mimi nilikuwa na mama mzee na mke mwenye mimba. Jirjis alisema sikio lililong'oka lina chapa arobaini na moja. Idarusi alifungua daftari akasema chapa hiyo ni ya Makame. Alisema kweli, na kweli ile ndiyo iliyokuwa uongo mkubwa kuliko wote niliosikia maishani.

Nikasema sikulichomelea. Nikasema habari ya tanuri na kabsa. Mudiri akatazama saa.

Musyu Lefèvre alikuwa amekaa pembeni na daftari lake la kijani. Akamuuliza Jirjis, kwa upole, kwa nini anadhani mshono wa fundi mzuri kama huyu ulikatika.

"Mtu anafanya kazi kwa mkono wa kushoto," alijibu Jirjis. "Ulitegemea nini?"

"Una hakika ni wa kushoto?"

"Uwanja mzima unajua. Muulize karani."

Idarusi akatabasamu kidogo, kwa mazoea. "Wa kulia hajui hata kushikia kijiti, Musyu."

"Hajawahi hata mara moja?"

"Abadan," alisema Jirjis. Yaani kamwe.

Mzee akafunga daftari, akasema basi twendeni nje.

Bamba lilikuwa limelala mchangani na alama za chaki. Nilitembea katikati ya askari. Musyu Lefèvre alitoa kitambaa chake cheupe akafuta sikio lile lililong'oka, akamwita Mudiri ainame. Akamwonyesha kidole juu ya vijiwimbi. Huku mgongo, huku tumbo. Huku fundi alianza, huku alimaliza, kishimo hiki hapa. Ulikuwa umetoka kushoto ukienda kulia. Akazunguka upande wa pili wa sikio, vile vile, kushoto kwenda kulia. Ndivyo anavyovuta mtu wa mkono wa kulia, kwa sababu anataka kuona mbele ya kijiti chake. Halafu akatupeleka kwenye masikio yangu manne, lile moja lililobaki juu ya bamba lile na mengine ya mabamba jirani, kisha kwenye kazi yangu ya wiki iliyopita, na ya mwezi uliopita, kila penye arobaini na moja. Yote yalitoka kulia kwenda kushoto. Sikuwahi kuyatazama hivyo. Nilikuwa naandika jina langu kila siku na sikujua.

Mwisho akageuza kile kipande kilichokatika, akamwonyesha Mudiri ndani yake. Vitundu vitupu, kama mkate wa kumimina. Alisema hayo ni maji, na maji hayo yalitoka katika vijiti visivyolala tanurini.

Upepo ulikuwa unapeperusha saruji. Mudiri alinyooka, akaipangusa suruali yake, akawaambia askari waende. Kwa Jirjis hakusema neno mbele yetu.

Musyu Lefèvre akafungua daftari palepale, juu ya goti lake, akaandika kwa Kifaransa mistari mingi. Alipomaliza akanisomea kwa Kiarabu chetu kibovu. Kwamba sikio lile lina chapa arobaini na moja, na mkono uliolichomelea si wa Makame Vuai Pandu Zinjibari, na sababu ni hizi. Alikuwa ametia kaboni chini ya ukurasa. Akaichana nakala akanipa.

"Ya Jehan ilipotea," alisema. "Yako usiipoteze."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na sijui kama alikuwa ananililia mimi au yule mhunzi wa kengele.

Bamba lile halikutupwa. Lilinyooshwa, likapangiwa kuinuliwa tena baada ya wiki mbili. Mafundi wote walikataa kuligusa. Nikasema nitachomelea mimi. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji lakini kazi haikuwa yake. Kijiti cha moto, kutoka tanurini. Nilipomaliza masikio niligonga chapa yangu. Kisha nikaazima stoo seti ya herufi, na Idarusi alinipa bila kunitazama. Kazungu alikuwa amenifundisha mwenyewe jina lake linavyoandikwa, siku alipokuwa ananiandikia barua ya posta. Mmoja wa wenzake alinishikia herufi, nami nikagonga, moja moja, pembeni ya bamba. Herufi saba.

Sheria ni kwamba alama yoyote isiyo katika orodha inasagwa, kwa kuwa alama huweza kuanzisha ufa. Musyu Lefèvre alifika na chaki yake ya njano. Aliinama, akasoma. Akapita kidole. Nikangoja aniambie nilete grainda niisage. Akauliza, "Hii ni chapa ya nani?" Nikamwambia ya mfunga mizigo. Akafungua daftari la kijani, penye safu ya namba za mafundi, akaandika jina lile chini ya arobaini na moja, kisha akazungushia chaki ya njano na kutia alama ya kukubali. Bamba likapanda.

Mkataba wake haukuongezwa. Aliondoka kabla ya tangi kujazwa, na sikumwona tena. Jirjis alihamishiwa mashariki, kwenye mradi mkubwa zaidi. Idarusi akawa karani mkuu. Mimi niliendelea na kampuni ile na nyingine mbili baada yake, mpaka mapafu na macho yakasema halas. Watu huniambia nisamehe, ni ya zamani. Nami nawajibu kama mzee alivyonijibu, kwamba mimi najali. Nimeandika jina la Jirjis na jina la Idarusi ili mtu akiwatafuta awapate hapa, ukurasa huu, na panya wana kazi ya kuutafuta.

Sasa nimestaafu kabla ya uzee wenyewe, nakaa Jeddah, wajukuu wangu wanaitwa Zinjibari na wanaamini ni jina la tangu dunia. Siwakatazi. Ninachowafundisha ni Makame, Vuai, Pandu, na habari ya karani mwenye haraka. Ile nakala ya kaboni imefifia, nimeitia kwenye plastiki.

Mwaka jana nilipigiwa simu kutoka Riyadh. Ni mtu wa ofisi moja ya Olaya, amefika kwa mkataba, sauti ya Kikenya, akaniita mzee. Alisema anaitwa Charo Kazungu. Mama yake alikuwa amehifadhi barua ya rambirambi niliyomtumia, niliyoandikiwa na watu, na namba aliipata kwa kuulizauliza. Nilikaa chini. Alitaka kujua baba yake alikufaje, kwani kampuni iliwaandikia kwamba ni ajali, mstari mmoja. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema ana mtoto wa kiume, ana miaka mitano.

Sikumuuliza jina. Nilikuwa nalijua.

Alikuja Jeddah wiki iliyofuata. Kijana wa lango alikuwa mtoto wa jirani yangu, akatupitisha. Tangi lipo bado, limepakwa rangi sijui mara ngapi, na macho yangu hayaoni tena kitu cha karibu. Nilihesabu mabamba ya safu ya chini kwa kiganja tangu ngazini. Nilipofika nikauchukua mkono wake nikauweka pale, nikasogeza kidole chake juu ya rangi, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka akaanza kusoma mwenyewe.